Maneno ya Dirisha la Malipo

3 Machi

Kwako binti yangu,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na mwenzio hamjambo, na huyo aliyemo tumboni naye anacheza vizuri. Mimi ni mzima wa afya. Juzi nimebeba mfuko wa saruji begani kutoka barabarani mpaka uani, na yule jirani yetu, ambaye nimemzidi miaka minane, alikuwa amekaa kitini na blanketi magotini ananitazama. Nikamwambia, amka upate joto, kazi ndiyo blanketi.

Najua miaka miwili imepita hatujaandikiana. Siandiki ili tuanze tena habari za lile bafu. Lile bafu lilipinda kidole kizima. Wewe kumletea mama yako fundi mwingine akajenge bafu ndani ya uwanja wangu mimi, halafu ukuta wenyewe uko upande kama mlevi, ilikuwa lazima nilibomoe, na hata leo ningelibomoa. Najua utasema nilikuwa nimeahidi kulijenga miaka sita. Fundi hakimbizwi. Haya, tuyaache.

Ninaloandikia ni hili. Mama yako amelazwa. Usishtuke. Ana uvimbe tumboni, yeye mwenyewe alikuwa anauficha chini ya kanga tangu mwaka jana, na mimi nikidhani ananenepa nikawa nachekelea. Daktari anasema apasuliwe kabla mwezi haujaisha, maana uvimbe ukiachwa utabana utumbo na hapo hakuna tena la kufanya. Nimemuuliza mara mbili, akanijibu vilevile mara mbili.

Sasa pale hospitali kuna dirisha la malipo. Ndani yake amekaa keshia, mwanamke mwenye miwani, anaongea na karatasi kuliko anavyoongea na watu. Akanisukumia karatasi ya Kiingereza, akaniuliza, "Mzee, Kiingereza kinapanda?" Nikamwambia, nyumba ya meneja wa kiwanda nimeijenga mimi, tukizungumza Kiingereza tangu msingi mpaka paa. Ni kweli. Ila yule meneja neno lake lilikuwa moja tu, "gudi", na mimi nikimjibu "gudi", na nyumba ikaisha. Watu walikuwa wamejipanga mstari nyuma yangu, na wengine ni watu niliowajengea. Ningesemaje sijui?

Nimeyachora maneno hapa chini kama nilivyoyaona, mstari kwa mstari, kama ninavyochora msingi:

DEPOSIT
BALANCE
INSTALMENTS

Wewe umekaa benki miaka tisa, haya ni maneno ya kazini kwako. Niandikie maana yake. Sikuombi hela, sikiliza vizuri. Nakuomba maneno. Ukituma hela nitazirudisha. Na usije, mama yako kakataza, mimba ya miezi minane haipandi basi la siku mbili.

Barua uitume kwa basi, kwa karani wa vifurushi wa stendi yetu huku, ananijua, choo chao nimekijenga mimi.

Baba yako,
Fundi Mkuu


7 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila tangu barua yako ifike nimekuwa mtu wa kukaa na kusimama. Mama anaendeleaje? Anakula? Anapata usingizi? Umeniandikia habari za mfuko wa saruji mistari minne na habari za Mama mistari mitano, Baba.

Maneno yako haya hapa. Nimeyaeleza kifundi.

DEPOSIT ni zile hela unazodai wewe kabla hujachimba msingi, kwa sababu unajua matajiri wakishahamia ndani hawakumbuki tena njia ya kwako. Hospitali nao wanataka hela ya kutangulia ndipo wamwingize chumba cha upasuaji.

BALANCE ni ile inayobaki, ambayo wewe ulimfuata mwalimu mkuu mpaka kanisani kumdai.

INSTALMENTS ni kulipa kozi kwa kozi. Hupandishi ukuta wote siku moja, unapandisha kozi tatu za matofali unapumzika. Muulize yule keshia kama wanakubali deposit ilipwe hivyo.

Na kuuliza si ujinga. Huyo keshia analipwa mshahara ili aulizwe. Mimi mwenyewe nimekaa dirishani miaka tisa, na wazee ninaowapenda ni wale wanaoniambia "mwanangu, hapa sioni kitu, nisomee." Wanaonisumbua ni wale wanaotikisa kichwa.

Najua umesema nisitume hela. Nimetuma. Ni kidogo, zimo ndani ya soksi niliyomfumia Mama. Zitumie, halafu baada ya hapo tugombane mpaka tuchoke.

Mwambie Mama mtoto anapiga teke nikilala ubavu wa kushoto. Yeye ataelewa.

Binti yako


11 Machi

Binti yangu,

Habari za huko, na habari za afya yako. Huku mimi nipo imara. Mama yako yupo hivyohivyo, anakula uji nusu kikombe, nusu nyingine ananisingizia mimi kwamba nimeunywa. Kuhusu teke kacheka sana halafu akasema, "Ni wa kike huyo, mkaidi kama babu yake." Soksi kavaa. Hela nimezirudisha ndani ya bahasha hii, zihesabu. Nilikwambia.

Maneno yamefanya kazi. Nilirudi dirishani, nikaegemea, nikamwambia keshia, na mstari wote ukisikia, "Mama, hiyo deposit naweza kuileta kwa instalments?" Miwani ilimshuka puani. Akasema, "Kumbe mzee msomi." Nikamwambia ndiyo kwanza unanijua.

Lakini akaenda akaniletea karatasi nyingine, akasema hii itakufaa zaidi. Juu yake pameandikwa WAIVER. Safari hii sikutaka kungoja barua, nikamuuliza mgonjwa mmoja aliyesoma. Akaniambia ni karatasi ya kusema huna uwezo, unaandika kwamba wewe ni maskini, unasaini, hospitali inakusamehe deposit. Kumbe keshia alinipima kwa viatu. Nikaikunja nikamrudishia. Miaka hamsini nimejenga mji huu. Ukisimama sokoni ukatazama pande zote nne, kuta saba ni zangu. Leo nisaini kwamba sina kitu? Mama yako nilipomwambia aligeukia ukutani. Baadaye akasema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sasa wewe Fundi, mgongo umeupiga timazi, utainama na nini?" Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka nesi akaja.

Basi nikamfuata katibu wa hospitali. Ua wao wa nyuma umeanguka tangu mvua za mwaka jana, mbuzi wanaingia wanakula mashuka yaliyoanikwa. Nikamwambia, mimi ni fundi, mke wangu yuko wodini kwako, nipe ukuta huu niujenge, ufundi wangu uwe ndiyo deposit. Alinitazama nywele, akanitazama mikono. Mikono ndiyo iliyomshawishi. Tumekubaliana: mita kumi na mbili, kozi kumi, ukuta ukifika juu na akaupokea, mama yako anaingia chumba cha upasuaji siku inayofuata.

Nimeanza leo. Dirisha la wodi yao linatazama palepale. Mama yako akiinua kichwa ananiona. Ameniambia nikichoka nijifanye napima, mafundi wote hufanya hivyo.

Baba yako,
Fundi Mkuu


14 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo. Nakuombea nguvu. Hela zimefika, nimezihesabu, zimetimia, na nimelia.

Sasa nisikilize, na tafadhali msomee na Mama.

Nimechukua mkopo wa wafanyakazi hapa kazini. Deposit yote ya hospitali nimeilipa jana, kutoka benki yetu moja kwa moja hadi akaunti ya hospitali. Hela imeshaingia kwao. Hazikupita mikononi mwako, kwa hiyo hujapewa kitu na mtu, ni mimi nimemlipia mama yangu. Ila hospitali inapokea hela nyingi kila siku, na bila karatasi hawajui hii ni ya mgonjwa gani. Karatasi yenyewe ni hiyo ya rangi ya waridi, nimeifunga na kadi ngumu isikunjike. Ina neno PAID juu, maana yake imelipwa. Mpe keshia tu. Huna haja ya kusema lolote. Ukuta utaumalizia Mama akiwa ameshapona, tena polepole.

Na kwa kuwa uliniomba maneno, nimekutengenezea kitabu. Ni karatasi za benki zilizoharibika, nimeandika kwa nyuma na kuzishona kwa uzi. Maneno arobaini ya malipo, kila moja na maana yake ya kifundi: RECEIPT, CHANGE, LOAN, INTEREST, SAVINGS, GUARANTOR, yote. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usihangaike na miwani. Jioni ukikaa na Mama mnaweza kuulizana. Yeye ataweka maksi, na najua atakupunja.

Mimi nilikasirikia lile bafu miaka miwili. Sasa hivi ningelipa bafu kumi nikuone unabomoa moja.

Nenda dirishani leo hii, Baba. Leo.

Binti yako


17 Machi

Binti yangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi sijambo, mgongo tu unalalamika kidogo, lakini haujapewa ruhusa.

Bahasha yako nimeipokea leo stendi. Sikuifungua. Ninairudisha kama ilivyo, gundi yake haijaguswa, karani ni shahidi. Binti, mimi tofali nikiliinua nakwambia limekauka siku ngapi. Ile bahasha niliipima kiganjani, nzito, ngumu katikati, na noti zimepangwa kwa uzi. Mara ya kwanza soksi, mara ya pili bahasha. Mara ya tatu utatia ndani ya mkate. Mama yako kasema, "Fungua kwanza, kama ni hela urudishe, kama ni barua tusome." Nikamwambia bahasha ya hela ikishafunguliwa imeshapokelewa. Tumenuniana mpaka saa ya kuondoka wageni. Alipoona naondoka akasema, "Haya, njoo nikufunge kifungo." Akanifunga kifungo cha shati, vidole vyake ni vya baridi siku hizi.

Usidhani nakudharau. Nataka siku akitoka pale aseme Fundi ndiye aliyenitoa. Basi, hilo tu.

Habari za ukuta. Nilikuwa nimefika kozi ya saba. Jana asubuhi nikashusha timazi kwenye kona, nikaona umekwenda nje. Si sana, nusu kidole. Katibu alikuwa amesimama hapo, akasema, "Mzee, hiyo nani ataiona? Panda tu." Nikatazama dirishani, mama yako alikuwa amekaa ananitazama. Nikachukua nyundo. Nimebomoa kozi nne. Katibu alishika kichwa. Lakini ukuta utakaomwokoa mama yako hautakuwa ukuta wa kupinda, maana ungenisuta kila nikipita.

Nitakwambia jambo usimwambie mtu. Sijui ulipindaje. Uzi niliuvuta mwenyewe, pima maji niliisoma mwenyewe. Asubuhi macho yangu yana ukungu kidogo, labda ni vumbi la saruji.

Kwa mwendo huu nitamaliza tarehe 26. Daktari kapita leo akamminya tumbo mama yako, akaandika. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, kozi nne si kitu kwangu.

Baba yako,
Fundi Mkuu


21 Machi

Baba,

Shikamoo. Bahasha imenirudia jana jioni.

Ndani hakukuwa na noti hata moja. Kulikuwa na karatasi ya malipo. Deposit ya Mama imelipwa tangu tarehe 13, Baba, na kile kigumu ulichokipima ni kadi ya kuikinga na kitabu cha maneno uliyoniomba. Ningeandika tu juu ya bahasha kwamba hamna hela. Nimelala nikiwaza hilo moja: mstari mmoja juu ya bahasha.

Leo asubuhi meneja wetu wa benki kaniruhusu simu yake. Nimepiga hospitali mara nne, ya tano ndiyo imepokelewa. Nimewasomea namba ya karatasi, keshia kaitafuta, kaiona. Yule mwenye miwani. Kasema hela zilikuwa zimekaa tu, wakijiuliza ni za nani. Wamempangia Mama upasuaji tarehe 24 asubuhi, daktari haji kabla ya hapo.

Shuka kwenye ukuta, Baba. Kaa naye. Mshike mkono mpaka mlangoni.

Binti yako


30 Machi

Binti yangu,

Salamu. Natumaini umelala japo kidogo, na tumbo halijakusumbua. Najua habari ilikufikia kwa simu ya benki kabla yangu. Nilitaka uipate kwangu, lakini simu inakwenda kuliko mimi.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana ni haki yako.

Tarehe 22 mchana nilikuwa naweka kozi ya sita, hakuna aliyekuwa amenifikishia habari ya simu yako. Nilitazama dirishani sikumwona. Nikasema amelala. Nikaweka matofali matatu mengine. Halafu nesi akatoka mpaka nje, na manesi hawatoki nje. Tumbo lilikuwa limekuwa gumu, anatapika. Daktari wa kupasua alikuwa mji mwingine mpaka tarehe 24. Nilikaa naye usiku ule na siku iliyofuata. Hakuongea sana. Aliuliza kama ukuta umenyooka. Nikamwambia umenyooka. Akasema, "Basi umeshinda, sasa pumzika." Nikamwambia asiseme maneno hayo. Akasema anasema kuhusu ukuta. Tarehe 23 saa kumi jioni akaondoka. Nilikuwa nimemshika mkono, na ulikuwa na baridi, hivyo sikujua mara moja.

Barua yako ilifika tarehe 24, watu wamejaa uani. Karani wa stendi ndiye aliyeileta mwenyewe, kwa mguu. Niliisoma nyuma ya nyumba, pale lilipokuwa bafu. Nilisoma mara moja. Sijairudia.

Juzi hospitali waliniita. Keshia akanipa karatasi, na neno lake juu lilikuwa REFUND. Akasema, "Mzee, saini hapa chini." Alinipa kalamu. Watu walikuwa nyuma yangu kama siku zote. Nikamwambia, "Mama, mimi Kiingereza sijui. Sijawahi kujua. Nisomee." Hakucheka mtu. Akavua miwani, akatoka nje ya kile chumba chake, sikujua hata kama kina mlango. Akaketi nami kwenye benchi, akanisomea polepole. Akasema hiyo ni hela inayorudishwa kwa aliyelipa, kwa sababu huduma haikutolewa. Nikamwomba arudie. Akarudia. Ilimchukua muda mfupi, binti yangu, mfupi kuliko kupanga tofali moja. Nimesaini. Hela zako zitarudi benki kwako kwa njia ileile zilivyokuja.

Nilimuuliza na ile karatasi nyingine, niliyoikataa, kama ningesaini siku ile ingekuwaje. Akasema, "Mzee, tuyaache hayo." Nikamwambia niambie. Akasema mama yako angepasuliwa tarehe 12.

Siwezi kukuandikia zaidi kuhusu hilo. Ukitaka kunilaumu nilaumu, nimekaa hapa. Mama mkubwa wako ananiletea chakula na haniambii neno, anaweka sahani anaondoka, na mimi namwona ana haki.

Ukuta sikuumaliza. Nilikwenda, nikashusha timazi, nikaona nyuzi mbili badala ya mmoja. Nikamwita yule fundi uliyemwajiri wewe, ndiyo, huyohuyo. Amekuja. Nimempa mwiko wangu mdogo autumie, ule mkubwa nimebaki nao. Anajenga taratibu, kila kozi ananiita niupapase ukuta, na mimi namwambia endelea.

Katibu amenilipa kozi zangu sita, hela taslimu, nilikataa akaziweka mfukoni mwangu kwa nguvu. Zimo ndani ya kopo la chai, sijazigusa. Ukijifungua, ukapata nguvu ya kukaa kwenye basi siku mbili, njoo na mtoto wako. Kaa siku utakazotaka, au usikae, lakini njoo.

Nauli nitalipa mimi. Usibishe.

Baba yako